Siku ya Tatu

Ile matatu ilikuwa na abiria kumi na wanne, na kumi na watatu kati yetu tulikuwa Wakenya. Najua hesabu hiyo kwa sababu tulikaguliwa mmoja mmoja.

Ilikuwa jioni, tunatoka taoni kuelekea Isili, mvua imenyesha na barabara imejaa maji. Askari wawili walisimamisha gari, mmoja akaingiza kichwa na tochi. "Vitambulisho." Kila mtu akapeleka mkono mfukoni. Changu alikitazama kidogo tu akapita, sidhani hata alisoma jina. Kisha akafika kwa kijana aliyekaa mbele yangu, dirishani, na ndoo ya njugu karanga katikati ya miguu. Kijana akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika.

"Hii si kitambulisho. Shuka."

"Afande, hii ndiyo walinipa," alisema kijana, kwa adabu sana, kwa lafudhi ya Burundi.

Alishuka na ndoo yake. Konda akapiga bodi mara mbili, dere akaondoa gari. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Heri hawakutuchelewesha." Hakuna aliyemjibu, na nikiwa mkweli, hakuna aliyempinga.

Mimi je? Mimi nilihisi nafuu. Hicho ndicho kitu ambacho kimenisumbua tangu siku hiyo. Woga ningeuelewa, na aibu pia. Lakini ile ilikuwa nafuu tupu, kama ya mwanafunzi aliyeona kiboko kimempita kikaenda kwa jirani.

Mwezi huohuo, kwenye kundi la WhatsApp la familia, tulikuwa tunachanga pesa za kumrudisha nyumbani binamu yangu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Alipofika tu, mwajiri alichukua pasipoti yake. Alikuwa haruhusiwi kutoka peke yake, analala saa nne kwa usiku, na watoto wa nyumba ile wakimwita kwa jina la rangi yake. Chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri wake kama kamba kwa mti. Akitoroka nyumba ya mateso, sheria inamtafuta yeye. Sote tuliandika maneno makali kwenye lile kundi. Ubaguzi. Unyama. Kwani si mtu kama wao? Mathe wangu, ambaye huwa hatumi chochote ila maombi ya asubuhi, aliandika: "Hakuna hata mtu mmoja pale wa kumsemea?"

Nilisoma swali hilo nikiwa kitandani, nikaiona tena ile ndoo ya njugu.

Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi moja kwenye ofisi ya chama kidogo cha kujitolea, ghorofani juu ya duka la mapazia. Usifikirie ofisi kubwa. Ni viti vya plastiki, mashine ya kutoa kopi inayokwama kila baada ya kurasa kumi, na wakili mmoja kijana anayekuja siku mbili kwa wiki bila malipo. Wenye haja ni Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Wasudani Kusini. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu na kusindikiza watu kwenye maofisi, kwa sababu imegundulika kwamba mtu akienda na Mkenya, anajibiwa vizuri zaidi. Ukweli huo peke yake ungetosha kuandikia insha nzima.

Siku ya kwanza nilimhudumia mama mmoja kutoka Bukavu, fundi wa kushona. Nikaanza kumweleza, kwa huruma nyingi, mahali ambapo angeweza kupata unga na blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mutoto yangu, siko natafuta musaada. Niko natafuta kazi."

Niliona haya. Nilikuwa nimekuja kutoa, na sikuwa nimeuliza kinachohitajika.

Waswahili wana msemo ambao kila Mkenya anaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunautumia kumsuta mgeni aliyekaa sana. Bana, umekula vya kutosha, sasa toka shambani. Mimi pia niliuelewa hivyo hadi nilipokutana na yule mama. Sasa nauona kama ahadi aliyopewa mgeni. Siku mbili za kwanza unakula kwa hisani ya mwenye nyumba, na hisani inaweza kukatwa wakati wowote. Siku ya tatu unapewa jembe, na mwenye jembe anasimama kwenye mstari mmoja na wenyeji, analima, anachosha mgongo, na jioni anakula jasho lake bila kumwangalia mtu usoni. Jembe linamtoa kwenye ugeni.

Sasa tazama. Kambi za Dadaab zilianza 1991. Kakuma ilianza 1992. Kuna watu waliozaliwa humo, wakasomea humo, wakaolewa humo, na sasa wana watoto wao humohumo. Ukitaka kutoka nje unahitaji pasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi awezeshwe kuchangia uchumi wa nchi na apewe hati anazohitaji, maneno mazuri kabisa, lakini kati ya maneno hayo na mezani pa fundi wa Bukavu pana foleni ndefu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, watu hawa wako siku ya pili. Tumewanyima jembe, halafu tunawalaumu kwa kula bure.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema: sawa, lakini mimi mwenyewe nina digrii na sina kazi. Niwagombanie wageni kwa nini? Swali hilo si la mtu mbaya. Mimi nimekaa miezi minane nyumbani baada ya chuo, najua uzito wake. Lakini jiulize ni nani anafaidika mgeni asipokuwa na haki. Fundi asiye na kibali hushona sare kwa nusu ya bei, kwa sababu mwenye kiwanda anajua hawezi kwenda popote kulalamika. Nusu hiyo ndiyo inayoteremsha bei ya fundi Mkenya aliye mlango wa pili. Haki si chapati, kwamba wakiongezeka walaji kipande chako kinapungua. Mara nyingi mambo yako kinyume: yule asiyeweza kudai ndiye anayetumiwa kukupunguzia wewe.

Mwingine atasema: usalama. Na hapo pia siwezi kujifanya kipofu. Nchi hii imezika watu wa Westgate, 2013, na watu 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, 2015. Hofu yetu ina makaburi. Ila angalia tulivyoijibu. Aprili 2014 ilipoanza operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakazuiliwa kwenye uwanja wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwa raia wa Kenya. Kilichowakamatisha ni pua, nywele na mtandio. Hilo halikuwa jipya. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walichujwa na kupewa kadi yao tofauti ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya kweli. Na kabla ya hapo, kuanzia 1919 na 1920, mkoloni aliwavalisha babu zetu kipande, kile kikopo cha chuma cha kuning'inia shingoni, ili mtu mweusi asitembee kwenye nchi yake bila karatasi. Tunasema sisi hatuna ubaguzi wa rangi kwa sababu wote ni weusi. Lakini kipande tulikirithi, tukatafuta shingo nyingine za kukivalisha.

Yule wakili kijana alinifundisha kusoma Katiba ya 2010 kwa jicho jipya. Alinipa kalamu akaniambia niweke alama kila mahali paliposema "kila raia" na kila mahali paliposema "kila mtu". Jaribu siku moja. Kura ni ya raia. Kuingia nchini na kuishi popote ni haki ya raia. Lakini usawa mbele ya sheria ni wa kila mtu. Heshima ya utu ni ya kila mtu. Afya, chakula na maji safi, kila mtu. Na aliyekamatwa, yeyote yule, ana haki ya kuambiwa upesi kosa lake, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Walioandika walijua tofauti ya maneno hayo mawili. Sisi ndio tunayachanganya.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, Myahudi aliyekimbia Ujerumani 1933 na kuishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote, alieleza 1951 kwamba mtu asiye na dola hupoteza kitu kilicho chini ya haki zote: mahali ambapo sauti yake inahesabiwa. Ukitaka kuona maana yake, kumbuka ile karatasi kwenye matatu. Haikuwa feki wala haijaisha muda. Haikusomwa tu.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya vyama hivi. Wengi tunadhani kazi yao ni kugawa. Kumbe kazi yao hasa ni kufanya karatasi isomwe. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria bila malipo tangu 1973, lilikwenda Mahakama Kuu pamoja na wakimbizi wenyewe, na Julai 2013 amri hiyo ikafutwa. Ndiyo, miezi tisa baadaye Kasarani ikajaa. Ushindi wa mahakamani haukuzuia tochi barabarani. Lakini 2017 mahakama hiyohiyo ilizuia kufungwa kwa Dadaab, baada ya watu walewale wakaidi kurudi tena na mafaili yao.

Na siku ya tatu huwa inafika, hata ikichelewa. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani tangu miaka ya 1930. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa hapa bila kitambulisho, na bila kitambulisho Kenya hii husajili laini ya simu, hufungui akaunti, huajiriwi. Oktoba 2016 mamia yao walianza safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, mashirika ya haki za binadamu yakiwa pamoja nao. Rais akaagiza wapewe vitambulisho, na leo wanatambuliwa kama kabila la 43 la nchi hii. Miaka themanini kusubiri jembe, ilhali ni wao waliolima.

Kuna kisa kimoja ninachokirudia kichwani kila nikipanda gari. Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na al-Shabaab. Wavamizi waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu, wengi wao Wakenya Wasomali, walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Hao ndio watu ambao pua zao tunazikagua kwa tochi. Wao walikataa kutenganishwa mbele ya bunduki. Sisi kumi na watatu tulikubali kwa sababu tulikuwa tunachelewa chakula cha jioni.

Sijawa shujaa. Ila kwenye chama tulifundishwa maswali matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuuliza, kwa sauti ya kawaida, bila kugombana: anashikwa kwa kosa gani, anapelekwa kituo gani, na jina lake ni nani. Miezi michache iliyopita gari letu lilisimamishwa tena. Safari hii alikuwa msichana wa Kikongo, amebeba vitenge. Moyo ulinidunda hadi masikioni, lakini niliuliza. Askari akanigeukia.

"Wewe ni ndugu yake?"

Nilifikiria kudanganya. Kisha nikasema, "Hapana, afande. Tuko gari moja tu."

Alinitazama kwa muda, akanitajia kituo. Msichana alishushwa vilevile. Alipokuwa akipita kando yangu alinong'ona jina lake, nikaliandika kwenye simu. Konda akapiga bodi. Asubuhi yake, kabla ya saa mbili, wakili wetu alikuwa amesimama kwenye kaunta ya kituo hicho, akilitaja jina hilo.