Mugeni Aliyepewa Jembe: Mavuno ni ya Nani?

Wakubwa wetu walituachia methali: mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Kila mutoto anaijua. Lakini methali inaishia pa jembe, haisemi kitu juu ya mavuno. Kama yule mugeni analima kweli, na gala inajaa, ile gala ni ya nani? Ya yule aliyelima, ao ya wenye udongo?

Kwetu ku Katanga swali hili si mchezo. Mu miji yetu, Likasi na Lubumbashi, magazini kubwa za zamani zilijengwa na wafanyabiashara waliotoka mbali. Nikigusa habari hiyo mu kalasi, wanafunzi wanagawanyika mara moja. Mumoja anasema: «Ile magazini ilikuwa yetu, ilisimama pa bulongo yetu.» Mwingine anajibu: «Hapana, ni ya ule mwenye aliijenga.» Tuangalie basi historia kabla ya kukata maneno.

Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mu mwaka 1910, ikitoka kusini. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara: Wagiriki, Waitalia, na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kisiwa kilichokuwa cha Waturuki mpaka 1912, kisha kikashikwa na Waitalia. Wengi wao hawakuja na mali. Umaskini wa kwao njo uliwasukuma. Walianza kidogo: chumvi, sabuni, vitambaa, mablanketi. Ndugu akamwita ndugu, mjomba akamwita mutoto wa dada yake. Hivi njo majina sawa Amato, Benatar, Hasson na Alhadeff yalikuwa makubwa mu biashara ya Kongo.

Lakini franga za kukuza magazini zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka ku mukono wa mutumikaji. Union Minière, iliyoanzishwa mu 1906, iliajiri watu kwanza kwa miezi michache tu na kuwarudisha mu vijiji. Kuelekea 1928 ilibadilisha njia: ikataka mutumikaji akae na bibi na watoto wake karibu na kazi. Mu 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba hapa Likasi. Mutu anayekaa na jamaa anahitaji sufuria, kitenge, kinga, viatu vya watoto. Bila yule mutumikaji, magazini ingekuwa na vioo vizuri na rafu tupu. Na ndani ya magazini yenyewe, aliyebeba mizigo, aliyeshona, aliyefagia, alikuwa mutu wa kwetu.

Tuseme ukweli mwingine tena. Jembe lile, si wakubwa wetu waliomupa mugeni. Mubelgiji njo alilitoa, mu nyumba isiyokuwa yake. Mu wakati wa ukoloni Mweusi alikaa mu cité, Mweupe mu ville. Mukopo wa benki ao karatasi ya kiwanja mu ville vilikuwa vigumu sana kwa Mweusi. Mu magazini nyingi hakuuzishiwa pamoja na Wazungu: alipewa kitu chake pa kidirisha, ao pa meza ya kando, na huku franga zake zilikuwa zilezile. Haya hayasahauliki, na hakuna sababu ya kuyasahau.

Lakini wageni hawa nao walikuwa na kilio chao. Mu 1938 Italia iliweka sheria za kubagua Wayahudi, hata ku Rhodes. Mu Julai 1944 Wajerumani walichukua Wayahudi wa kisiwa hicho, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliobaki wazima ni karibu 150 tu. Hivi yule mwenye magazini wa huku Katanga, tukimwambia «rudia kwenu», alikuwa na kwao gani tena?

Kisha ikafika tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni vitapita mu mikono ya Wazaïrois. Watu wengi walifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na sababu: mutu aliyenunua pa kidirisha miaka yote aliona sasa mulango unafunguka. Lakini mulango haukufungukia yule wa kidirisha. Wengi wa wale tuliowaita «acquéreurs» walikuwa watu wa siasa, wakubwa wa serikali na jamaa zao. Wengi waliuzisha mali iliyokuwa mu rafu, wakala franga, na rafu zikabaki wazi. Mu 1975 na 1976 serikali yenyewe ilianza kurudishia wageni biashara zao, lakini wengi walikuwa wameisha kwenda. Kweli, bei ya shaba nayo ilianguka, na reli ya Benguela ilifungwa mu 1975. Hatuwezi kubebesha acquéreurs mizigo yote. Hata hivyo funzo liko wazi: mutu anaweza kunyanganya gala kwa siku moja, lakini hawezi kunyanganya ujuzi wa kulima. Magazini si kuta. Ni hesabu, ni kujua mali inatoka wapi na inafika lini, ni neno la mutu linaloaminiwa na mukopeshaji wa mbali. Vitu hivi havikuandikwa mu amri ya rais.

Kuko jambo la kuogopesha zaidi. Neno «mugeni» halitulii pahali pamoja. Tukilizoeza kunyanganya, linatafuta mutu mwingine. Mu 1992, hapa Likasi, jirani zetu wenye asili ya Kasai waliitwa «bilulu», ni kusema wadudu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku. Baba zao na babu zao walijenga reli na kutumika ku shaba. Walifukuzwa mu nyumba zao, jamaa nzima zikalala pa gare zikingoja treni. Mu 1973 mugeni alikuwa Mugiriki ao Muyahudi. Mu 1992 alikuwa mwalimu wa mutoto wako.

Basi tujibu nini? Tuangalie ziwa letu. Tshangalele haikuwako tangu mwanzo. Ni maji ya Lufira yaliyozuiwa na barrage ya Mwadingusha, iliyoanza kazi mu 1930 juu ya umeme wa migodi. Wageni njo walilifanya. Lakini leo hakuna mutu anayemwambia muvuvi kwamba ziwa si lake. Limekuwa lake sababu anaamuka usiku, anashona wavu, anajua upepo. Na vilevile hakuna anayeweza kusema kwamba wale waliofunika bonde hawakuwa na deni kwa wenye bonde.

Hili njo wazo langu. Magazini ilikuwa ya yule aliyeijenga, lakini ilikuwa na deni: deni kwa mutumikaji aliyeijaza franga, na kwa yule aliyewekwa pa kidirisha. Deni linalipwa, halifuti haki ya mwenye kazi, na haki ya mwenye kazi haifuti deni. Kosa la mukoloni lilikuwa kukana deni. Kosa la 1973 lilikuwa kukana kazi.

Leo mu miji yetu Wahindi, Walebani na Wachina wanafungua magazini mupya. Tuwape jembe, lakini tupatane juu ya mavuno mapema, mbele ya mbegu kuingia mu udongo: kodi ilipwe na ionekane, mutumikaji alipwe sawa na kazi yake, kijana wa Likasi afundishwe hesabu na ununuzi, asibaki kubeba makartoni tu. Na sisi tuahidi kwamba mavuno yakifika, hatutakuja usiku. Wakubwa wetu waliposema «mupe jembe», walimukubali mugeni kuwa mutu wa mukini. Mutu wa mukini ana haki ya gala yake, na ana sehemu yake ya kutoa wakati jirani ana njaa.