Kisukari na Jiko la Mkaa

Makambako ni mji wa upepo. Pale barabara ya TANZAM inapoachana na ile ya Njombe na Songea, malori hayaishi kupakia mbao, na kuanzia Juni hadi Agosti jioni ikiingia hakuna anayekaa nje bila koti. Watu wanaota moto. Kisa cha mfanyabiashara mmoja wa mbao kilianzia hapo hapo, kwenye jiko la mkaa.

Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Macho yalianza kuona ukungu, akaenda kupima, sukari ya asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni ikasoma 13.8. Kuanzia 7.0 tayari ni kisukari. Akapewa metformin, akaambiwa ameze na chakula, apunguze wanga, atembee.

Alitii kwa bidii ambayo wengi hatuna. Chai akanywa bila sukari, soda akaiacha. Msimu wa ulanzi ulipofika, wenzake kilabuni walimcheka akiagiza maji. Sembe akabadili kwa dona, ingawa bonge la dona likibaki na ukubwa ule ule, nafuu ni ndogo. Na viazi vya Njombe, pamoja na utamu wake, ni wanga vilevile. Miezi mitatu baadaye kipimo kilishuka, mkewe akatoa ushuhuda kanisani.

Miguu hakumtajia mtu. Usiku iliwaka kama imepakwa pilipili, mchana ikafa ganzi. Alisema ni uchovu wa kusimama kutwa kwenye mbao. Kliniki aliingia na viatu vyake na kutoka navyo, kwa maana aliyempima damu naye hakumwambia avivue.

Usiku mmoja wa Julai alivuta kiti, akaweka miguu karibu na jiko, akawa anasikiliza taarifa ya habari. Mkewe alitoka jikoni.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Ni mkaa mbichi huo."

Ilikuwa soksi. Nailoni ilikuwa imeyeyuka na kugandia kwenye vidole viwili, naye alikuwa bado anajadili bei ya mahindi. Walipoivuta ikatoka na ngozi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kidonda chenyewe.

Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kujulikana. Siku unayotajiwa ugonjwa siyo siku ulipoanza, na mishipa ya fahamu ya miguuni inaweza kuwa imeshaharibika. Kuacha sukari kwenye chai hakurudishi hisia iliyokwisha kupotea. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni, ilhali mishipa yao ya fahamu ilikuwa imekufa ganzi. Huku kwenye baridi, kazi ya panya inafanywa na moto.

Yaliyofuata unayajua. Alipaka dawa ya meno, akafunga kitambaa, akavaa mabuti akaenda kazini, kwa sababu hakikuuma. Kidonda kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Alipokwenda, vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi na harufu imetangulia mlangoni. Vikakatwa viwili. Sukari yake siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko ya wengi waliokuwa kwenye foleni.

Kama umeambiwa una sukari, kliniki ijayo vua viatu na soksi bila kusubiri kuambiwa, umwombe muuguzi akupime nyayo. Kuna kauzi kagumu ka nailoni kanakobonyezwa chini ya mguu, nawe unasema unakasikia wapi. Ni kazi ya dakika chache. Nyumbani, mwanao akukague nyayo kila jioni, hadi katikati ya vidole. Maji ya kunawa miguu yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mwingine. Ukiona lengelenge, hata lisilouma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na jiko lisogezwe mbali: vaa soksi nene, jifunike blanketi.