Kibubu cha Hija na Boriti Iliyooza

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ambazo kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko, maji ya masika yakipata upenyo juu hushuka taratibu ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti, mahali ambapo jicho halifiki, yakauozesha mti muda mrefu kabla ya mwenye nyumba kuona alama ya manjano darini. Fundi akija hugonga kwa nyundo na kusikiliza: mti mzima huitika, uliooza hutoa sauti ya uvungu, na chokaa iliyo kandoni mwake humomonyoka mkononi kama unga.

Tuseme nyumba hiyo ni ya mama mjane, mpishi wa vitumbua, ambaye kwa miaka mingi ametia fedha zake katika kibubu kwa azma moja tu, kwenda kuhiji Makka, na kwamba gharama aliyotajiwa na fundi yakaribia kukimaliza kibubu chote. Mama huyu huuliza kwa khofu: “Sheikh, fedha hizi nimekwisha kumwekea Mwenyezi Mungu; nikizitoa kwa ajili ya boriti, si nitakuwa nimefanya khiyana?”

Kurani, katika sura ya Aali Imran, imeifaradhisha hija kwa mwenye uwezo wa kuiendea; na wanavyuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wameeleza ya kuwa uwezo huo ni mali inayobaki baada ya madeni, baada ya makazi yanayomstahili mtu, na baada ya masurufu ya wanaomtegemea mpaka atakaporejea. Basi fedha inayodaiwa na dari ili isiwaangukie waliolala chini yake haijawa bado fedha ya hija, hata ikiwa imekaa katika kibubu cha hija, na nia ya mama haibatiliki kwa kuitoa. Kanuni ya wakfu yafuata njia hiyo hiyo: mapato ya nyumba ya wakfu huitengeneza kwanza nyumba yenyewe, kisha ndipo wenye haki wagawiwe, kwa kuwa jengo likianguka hakuna kodi ya kugawa.

Lakini siridhiki tukiuita ubovu wa boriti ile ajali. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, ilhali ubovu wake ulikuwa umeonekana miaka mingi kabla. Nyumba ya chokaa hudai haki yake kila mwaka: mifereji izibuliwe, nyufa zizibwe, kuta zipakwe chokaa, wala si saruji, ambayo hufungia unyevu ndani na kuuharakisha ubovu uliokusudiwa kufichwa. Anayeweka akiba ya jambo tukufu bila ya kuitengea nyumba fungu lake, hata liwe dogo namna gani, huwa ameazima kwa nyumba pasipo kujua, na siku ya kulipa haichagui wakati.

Kuna pia upotofu wa upande wa pili, nao ni wa wenye nafasi: mtu huanza na boriti moja, akaishia kwenye vigae vya sakafuni na rangi mpya ya sebuleni, na yote akayaita matengenezo ya dharura, mpaka umri wa kusafiri ukampita. Kinachozuia watu wasidhurike na kinachofurahisha macho havina hukumu moja.

Kwa mama wetu, hata hivyo, naona swali limepelekwa kwa asiyestahili kuulizwa. Chini ya dari ile hulala wanawe wenye mishahara, na wake zao, na wajukuu; mvua ikinyesha huwanyeshea wote, bali bili ya fundi hupelekwa kwa bibi mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyejulikana kuwa na kibubu. Kabla ya kumpa fatwa ya kukivunja, mimi ningewaita wanawe barazani, niwaonyeshe ile boriti, na kumwuliza kila mmoja anatoa kiasi gani.