Sufuria Mara Saba

Nyumba ya mama yangu iko Nyamirambo, upande wa juu kabisa, mitaa inapoishia na miti ya Mlima Kigali inapoanzia. Mwaka ule nyama ya Idi ya kuchinja ilikuwa nyingi, na mama hajui kutupa chakula. Kila usiku alibeba ndoo ya mifupa na makombo akaimwaga nyuma ya ua, kwenye mteremko. "Nao ni viumbe vya Mungu," alisema, na hakuna aliyempinga.

Mbwa wa kwanza alikuja usiku wa pili, mbavu nje, mkia kaufyata. Mlango ukilia tu, hayupo. Baada ya wiki wakawa watano. Baada ya wiki tatu hawakungoja giza tena: walijilaza mchana kwenye kivuli cha ukuta, na ukipita hawainuki. Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani wamekuwa wapole, kumbe wameacha kutuogopa tu. Mbwa asiye na mwenyewe hana tofauti na bweha wa hifadhi ya Akagera: woga wake ndio unaomlinda yeye na kutulinda sisi. Ndoo yetu ilikuwa inaumaliza woga huo, usiku baada ya usiku.

Jioni moja mmoja aliingia jikoni akaramba sufuria ya mchuzi. Mama alimtimua kwa ufagio, kisha akaketi kuiosha sufuria mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Alihesabu kwa sauti.

Kesho yake mpwa wangu wa miaka sita alifuata mpira nyuma ya ua. Mbwa mmoja, aliyekuwa akidondosha mate na kuyumba, alimng'ata nyuma ya goti. Matundu mawili madogo, damu kiasi cha kijiko. Tulifuta kwa kitambaa, tukapaka manjano, mtoto akapewa chai ya maziwa.

Baada ya Magharibi jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja kutoa pole. Hata kuketi hakuketi.

"Mmeliosha jeraha?"

"Tumelifuta, dada," mama alijibu. Sufuria ilikuwa pembeni yake, imefudikizwa, inang'aa.

Jirani alimbeba mtoto hadi bombani. Alichukua sabuni ya mche, akafungua maji, akaosha jeraha kwa dakika 15 za saa ya mkononi. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Huku akisugua, jirani alitueleza: kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Kinachosalia hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, na katika muda huo chanjo inaweza kukitangulia. Mgonjwa akishaanza kushindwa kumeza na kushtuka akiona maji, hakuna dawa ya kumrudisha; karibu wote hufa. Ndiyo maana kidonda kidogo kama kile hakingojwi mpaka asubuhi.

Usiku uleule mtoto alidungwa seramu kuzunguka jeraha na sindano ya kwanza ya chanjo, akaandikiwa tarehe za nyingine. Mama aliikunja karatasi ile akaiweka ndani ya msahafu, isipotee.

Siku ya tatu mbwa yule alikutwa amekufa chini ya mikaratusi. Tulimwita kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, naye akamwita daktari wa mifugo. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kwa mkono mtupu.

Mama alichimba shimo la mabaki, akalifunika kwa bati na mawe. Mbwa wanne waliobaki waliendelea kuja. Jioni baada ya jioni walikaa palepale, wakitazama mlango wa jikoni, na mama alisimama ndani akiwatazama kupitia dirishani, mikono kifuani. Ulipita zaidi ya mwezi ndipo wakaacha. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kumaliza sindano zake. Mpira ukivuka ukuta, mpaka leo humwomba mtu mwingine akamchukulie.