Ndoa ya Siri: Uadilifu Uko Wapi?

Kuoa mke wa pili si jambo geni katika mwambao wetu, wala hatuandiki hapa kuujadili uhalali wake. Mwenyezi Mungu Amekwisha kulihukumu katika aya ya 3 ya Sura An-Nisaa: ruhusa ni mpaka wake wanne, sharti lake ni uadilifu, na anayechelea kutoutimiza basi na atosheke na mmoja. Swali letu ni jingine. Mtu aoapo mke wa pili kisha akamficha, asijulikane ila na walii wake na mashahidi wawili walioambiwa wafunge vinywa, uadilifu huo atautimiza kwa njia gani?

Watu husema: "Nikaha imesihi. Walii alikuwako, mashahidi walikuwako, mahari yametolewa. Cheti si nguzo ya nikaha." Ni kweli kuwa cheti si nguzo. Na ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi nikaha hiyo husihi, ijapokuwa Imam Malik (R.A.) ameikataa nikaha ambayo mashahidi wake wameusiwa kuificha. Lakini kusihi kwa nikaha ni mlango tu. Nyuma ya mlango huo mna haki za watu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha ndoa itangazwe. Na Qur'ani, katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, imetuamrisha tuandike deni la muda na tuweke mashahidi. Ikiwa fedha ya kukopeshana yaandikwa isije ikakanwa, itakuwaje mke na watoto waachwe bila ya hata karatasi moja?

Natuyatazame yanayotokea mume akifa. Tuchukue mfano wa marehemu aliyeacha watoto, na mali iliyobaki baada ya mazishi, deni na wasia ni shilingi 1,600,000. Fungu la wake ni thumni, yaani 200,000; wakiwa wawili kila mmoja hupata 100,000. Mke wa siri asipojulikana, mke mkubwa atapewa 200,000 zote, na nusu yake si haki yake. Watoto wa yule wa pili nao hawatahesabiwa katika warithi. Mwanamke huyo hukaa eda peke yake, hana wa kumpa pole, kisha huenda kwa kadhi kuthibitisha kuwa alikuwa mke. Shahidi mmoja amekufa. Wa pili yuko Muscat, hapatikani. Aliyemfikisha hapo ni mume mwenyewe, siku ile aliyosema, "Tusiandike."

Sheria za serikali zetu hazikumfungia mlango mke huyu. Huko Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu kuwa yaweza kuwa ya mitala, na inataka iandikishwe kama ndoa nyinginezo. Nayo mahakama ya kadhi imewekwa na Katiba ya mwaka 2010 ihukumu ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Huko Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapa wake wa mume mmoja haki sawasawa, na inampa mke aliyeko nafasi ya kupeleka pingamizi ikiwa uwezo wa mume ni mdogo hata ndoa mpya itamtia yeye na watoto wake katika shida. Ulinzi wote huo wategemea jambo moja: ndoa ijulikane. Mwenye kuificha amewadhulumu wanawake wawili pamoja: mkubwa amemnyima kusema, na mdogo amemnyima ushahidi.

Na lipo la kututia haya zaidi. Mwaka 2020, katika mji wa Somerville huko Marekani, baraza la mji lilipitisha kanuni ya kuwaandikisha kuwa ni wenzi watu zaidi ya wawili. Maisha yao hayo sisi hatuyakubali, kwani hayana nikaha. Lakini tazama walichokitafuta: mgonjwa atazamwe hospitali na mwenziwe, na bima imfikie kila mmoja. Watu wasio na nikaha wanaomba waandikwe ili wasipotezeane haki, nasi tuliopewa nikaha twaificha!

Mwenye kuficha hutoa udhuru kwamba anaogopa kumuumiza mkewe wa kwanza. Maumivu hayo ni ya kweli, na hakuna mume mwema awezaye kuyadharau. Lakini siri haiyaondoi; huyaahirisha tu mpaka siku ya matanga, mjane ajapo kuyajua mbele ya watu, na wa kumwuliza amekwisha zikwa. Na ule usiku anaolala kwa mke wa pili huku nyumbani amesema yuko safarini, je, hiyo ni zamu au ni wizi? Asiyeweza kustahamili ghadhabu ya siku chache ataweza vipi kuuchukua uadilifu wa umri mzima? Huyo aya imekwisha mwambia: mmoja.

Basi walii anayeposewa binti yake na aulize: mke wa kwanza anajua? Ndoa itaandikwa? Akijibiwa kwa kigugumizi, na akatae. Imamu naye asifungishe nikaha ya kunong'onezana. Na ambaye tayari ana mke wa siri na amwandikishe leo, angali hai, kwani Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mume aliyeelemea kwa mke mmoja atakuja Siku ya Kiyama ubavu wake mmoja umeinama. Siku hiyo hapana siri.

Mwenyezi Mungu Atuwafikishe. Amin.