Kumtia Kijana Moyo

Mbio ni mchezo wenye vifaa vichache kuliko michezo mingine. Hazihitaji mpira wala wavu, wala mwenzi wa kugawana naye lawama. Mkimbiaji akishindwa hana wa kumsingizia. Alikuja na miguu yake, pumzi yake na moyo wake, na vitatu hivyo ndivyo vilivyopimwa mbele ya macho ya watu. Kwa sababu hiyo hofu ya mkimbiaji kijana mara nyingi huwa kubwa kuliko umri wake, na wazee na walimu huona ni wajibu wao kuiondoa. Wajibu huo haubishaniwi. Linalostahili kuulizwa, na ambalo huulizwa kwa nadra, ni njia ya kuutimiza. Je, ni halali kumwambia mtoto kwamba atashinda, ilhali msemaji mwenyewe hajui kama atashinda?

Swali hili laweza kuulizwa katika kiwanja cha shule yo yote, lakini mkoa wa Singida una haki ya kuliuliza mbele ya wengine. Ni nchi ya uwanda wa juu katikati ya Tanzania. Mji wenyewe upo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya maziwa ya chumvi na majabali yaliyopandana kama yaliyopangwa kwa mikono. Mvua zake ni za msimu mmoja, upepo wake hauna simile, na mashamba yake ni ya mtama, uwele na alizeti. Watoto wa Wanyaturu na Wanyiramba huchunga mifugo na wengi wao hutembea mwendo mrefu kwenda shule. Watu wa mbali huyataja mambo haya kuwa sababu tosha ya miguu mizuri. Lakini kama hewa nyepesi na njia ndefu vingetosha, mkoa ungejaa mabingwa tangu zamani; na haukujaa. Mzaliwa wake mmoja, Alphonce Felix Simbu, ndiye aliyeipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya riadha, na ilipatikana mwaka 2025, miaka 42 tangu mashindano hayo yaanzishwe. Miguu ilikuwapo siku zote. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikingojewa.

Kitu hicho huonekana wazi zaidi mahali kinapokosekana. Fikiria mtoto ambaye kijijini kwake hakuna wa kumfikia. Hukimbia kwa furaha, peku, bila kuhesabiwa. Anachaguliwa kwenda kushindana wilayani katika michezo ya shule za msingi, ile iitwayo UMITASHUMTA, na huko anakuta mambo mawili ambayo hakuyajua: wenziwe waliovaa viatu vya mbio, na habari kwamba fulani aliyesimama katika mstari wa pili mwaka jana alifika mkoani. Hakuna mbio zilizokwisha kukimbiwa, lakini yeye amekwisha shindwa. Magoti yanalegea, kinywa kinakauka, moyo unapiga mbavu kama unaotaka kutoka. Filimbi inapolia anakwenda mbio ambazo si zake, ama za pupa zinazomaliza pumzi katika mzunguko wa kwanza, ama za kujificha katikati ya kundi. Anarudi nyumbani na miguu ile ile aliyokwenda nayo, lakini haijui tena.

Mwalimu mwema akiiona hofu hiyo kabla ya filimbi humwendea mtoto, humshika bega na kumwambia: Usiogope, mshindi ni wewe. Ni maneno ya huruma, na aghalabu huleta nuru usoni kwa dakika chache. Hata hivyo yana deni ndani yake, na deni hilo hulipwa na mtoto. Katika mbio za watu kumi, tisa watarudi bila ushindi. Mtoto aliyeahidiwa na kukosa hubaki na mawili ya kuchagua: ama mwalimu alisema uongo, ama mwalimu alisema kweli na yeye ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko alivyodhaniwa. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kuchagua la kwanza. Amefundishwa kwamba mkubwa hakosolewi. Basi huchagua la pili, huubeba udhaifu ambao pengine hanao, na heshima iliyo pambo la malezi yake inageuka kuwa mtego wa nafsi yake. Wala haisaidii kwamba mwalimu alikusudia wema. Mtoto hakuambiwa makusudi, aliambiwa maneno.

Wako watakaojibu kwamba uongo wa namna hii una faida, na shahidi wao mkubwa ni Roger Bannister, Mwingereza aliyekimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4 mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954. Husimuliwa kwamba dunia nzima iliamini dakika nne haziwezi kuvunjwa, kwamba kizuizi kilikuwa katika akili tu, na kwamba alipokwisha kukivunja, wengine walimiminika nyuma yake. Hadithi hii hupendwa sana na watu wanaowahutubia vijana. Ina ukweli, lakini si ule unaodaiwa. Aliyemfuata, John Landy wa Australia, alimpita kwa wakati bora siku 46 baadaye. Mtu asiyekuwa na nguvu hizo hawezi kuzipata kwa kusoma gazeti. Landy alikuwa akikaribia kwa miaka miwili. Naye Bannister, mwanafunzi wa udaktari, hakuamini tu akakimbia: alijizoeza kwa vipande vya robo maili, saa mkononi, akapunguza sekunde moja moja, na siku yenyewe alivutwa na wenziwe wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, waliotangulia kwa zamu kumwekea mwendo. Imani yake ilikuwa hesabu iliyokwisha kupigwa.

Mwezi Agosti mwaka ule ule wawili hao walikutana Vancouver. Landy, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia, aliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha akageuza uso kutazama nyuma kwa bega la kushoto. Wakati huo huo Bannister akampita upande wa kulia. Kama kizuizi cha akili kikivunjwa huvunjika milele, mtu huyu angekuwa na haja gani ya kugeuka? Shaka haikomi kwa ushindi. Humfuata bingwa hadi kileleni, na pengine huko ndiko inakokimbia kwa kasi zaidi.

Mwanachuoni wa elimu ya nafsi, Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977 juu ya mtu kuuamini uwezo wake, alizitaja chemchemi nne za imani hiyo. Ya kwanza na yenye nguvu kupita zote ni tendo ambalo mtu amekwisha litenda mwenyewe. Ya pili ni kumwona mwingine, hasa aliye kama yeye, akilitenda. Ya tatu ni maneno ya kushawishi. Ya nne ni namna mtu anavyoisoma hali ya mwili wake, kama mapigo ya moyo na jasho la viganja. Maneno, ambayo ndiyo karibu silaha ya pekee ya mwalimu mwenye haraka, aliyahesabu kuwa chemchemi dhaifu: huleta tumaini upesi, na tendo moja la kinyume hulifuta. Bibi ye yote anayemfundisha mjukuu kubeba ndoo ya maji kichwani angeweza kumwambia mwanachuoni jambo hilo. Haanzi kwa kumsifu. Huanza kwa kopo.

Kwa muda mrefu chemchemi ya pili ilikuwa mbali kidogo na Singida. Vijana walisikia habari za Filbert Bayi wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Walisikia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Hao walikuwa watu wa upande wa kaskazini, na tena wa zamani. Sasa yuko mmoja aliyenyeshewa mvua zile zile chache za Singida. Kwa hiyo ni jambo zito jinsi habari zake zinavyosimuliwa, maana mfano ukisimuliwa vibaya hudhuru kama uongo.

Simbu alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwaka 2017 alipata shaba katika ubingwa wa dunia mjini London. Katika Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa 7. Mwaka 2022 alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Mwaka 2024, Paris, alikuwa wa 17. Msomaji na asimame hapo kidogo. Mtu mwenye umri wa miaka 32, aliyekuwa wa 5 miaka minane nyuma, sasa ni wa 17. Ni wangapi wangemwambia kwa upole kwamba ametosha? Mwezi Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Tarehe 15 Septemba 2025, katika joto la Tokyo, aliingia uwanjani pamoja na Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Petros alikuwa mbele katika hatua za mwisho. Wote wawili, yeye na Simbu, waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Petros alianguka mstarini, na picha ikaonyesha kwamba Mtanzania ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Alipohojiwa, Simbu alieleza kwamba alipoingia uwanjani hakuwa na hakika ya kushinda, na hata alipovuka mstari hakujua kama ameshinda, mpaka alipoliona jina lake juu ya orodha. Maneno hayo yapasa kusomwa katika kila shule inayomtumia yeye kama ushahidi kwamba anayeamini atashinda, hushinda. Yeye hakuwa na hakika. Alikimbia na shaka yake ubavuni, kama mtu anayesafiri na mwenzi asiyempenda lakini anayejua njia ya kuishi naye. Alichokuwa nacho ni kingine: marathoni nyingi alizozimaliza, nyingine vizuri na nyingine vibaya, na ujuzi kwamba mahali pa 17 hapaui.

Tena, tufanye kwamba sehemu zile tatu za mia zingeangukia upande wa Petros. Kujiamini kwa Simbu kungekuwa kumethibitishwa kuwa bure? Anayejibu ndiyo amefungua mlango wa fikira ngumu, kwamba thamani ya moyo wa mtu hupimwa kwa kipande cha wakati kisichoweza kuonekana kwa macho. Anayejibu hapana amekubali kwamba kujiamini na kushinda ni vitu viwili, na kwamba mwalimu anayempa mtoto ahadi ya ushindi amempa kitu ambacho si kile alichokusudia kumpa.

Basi mwalimu mkweli asemeje? Asema anayoyajua. Juma lililopita ulikimbia mizunguko mitano bila kupunguza mwendo. Anza leo kwa mwendo huo. Moyo wako unadunda kwa sababu mwili unajitayarisha. Na wa yule mwenye viatu unadunda vivyo hivyo, muulize. Simjui atakayeshinda. Maneno haya hayana utamu, na uaminifu wahitaji kukiri kwamba yana gharama: wako watoto watakaoyasikia na kuamua kutoka mstarini, ambao uongo ungewafikisha angalau kwenye filimbi. Wako pia ambao kweli yao ni kwamba hawana mbio, nao lazima siku moja waambiwe. Lakini mtoto aliyeambiwa kweli hajapoteza mwalimu wake anaposhindwa, na siku ya kushindwa ndiyo siku anayomhitaji.

Na kuna kweli moja ambayo walimu wa moyo huiruka. Si kila kizuizi kilicho katika akili. Mtoto aliyekuja kushindana bila kula tangu jana hana kizuizi cha akili, ana njaa. Msichana anayeona haya kuvaa kaptura mbele ya watu waliozoea kucheka hakuizua haya hiyo mwenyewe. Amevikwa na wanaocheka. Kumwambia mtoto wa namna hii kwamba adui wake yumo ndani yake ni kumwongezea mzigo wa wengine juu ya wake, na kuwapa wenye mzigo nafasi ya kukaa kivulini. Kabla ya kuutengeneza moyo wa mtoto yafaa kuitazama kwanza sufuria ya shule, kisha kelele za watazamaji.

Kelele hizo ndizo hufundisha zaidi ya hotuba. Akhwari alianguka katika marathoni ya mji wa Mexico mwaka 1968, akaumia goti na bega, akaendelea na mguu uliofungwa bandeji, akamaliza wa 57, naye alikuwa wa mwisho wa waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Watu wachache waliobaki uwanjani walimshangilia. Taifa lake linamtaja hata leo kwa fahari. Walakini katika viwanja vingi vya shule, ambako jina hilo hutajwa katika hotuba ya ufunguzi, mtoto anayemaliza wa mwisho mchana wa siku hiyo hiyo hupokewa kwa vicheko, na mara nyingi mstari wa kumalizia huwa umekwisha kukanyagwa na watu wanaomkimbilia mshindi, hata hajui apite wapi.

Viko pia viwanja ambako hali ni nyingine. Jua limeelekea Magharibi, upepo umeinua vumbi, mshindi amekwisha pewa maji na kuketi. Mwalimu mwenye saa bado amesimama mstarini, amewasogeza watu kando kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kiko juu ya kitufe, na daftari liko chini ya kwapa. Kutoka upande wa pili wa kiwanja anakuja mtoto mmoja, peku, peke yake. Wakati wake utaandikwa, ili mwezi ujao awe na cha kushindana nacho.