Tairi Laini, Buti Tupu

Magari ya mtumba kutoka Japani huingia Kenya kupitia Mombasa yakiwa na umri usiozidi miaka minane, na miongoni mwake huja BMW, Mini na baadhi ya Mercedes yakiwa yamevalishwa matairi ambayo wengi wetu hatukuyazoea: ranflati. Ni tairi ambalo likitoboka haliketi chini. Mwenye gari hulizungusha Nairobi kwa miezi kadhaa bila lawama, kisha unatokea msiba nyumbani. Anashika njia ya Narok, Kisii na Rongo, anashuka kuelekea ziwani, na akishaacha lami ili afike bomani kwao upande wa Sori au Gwassi, kila jiwe analisikia kiunoni. Akirudi mjini, kituo cha kwanza ni kwa fundi. "Nitolee haya mawe," anamwambia, "niwekee matairi ya kawaida."

Niseme mapema kwamba ombi lake lina haki. Ranflati ina ubavu mnene ulioimarishwa kwa mpira mgumu, na ubavu huo ndio unaobeba gari upepo ukiisha wote. Watengenezaji wengi huahidi takriban kilomita 80 za namna hiyo, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ahadi hiyo ni njema kwa mtu aliye kwenye barabara kuu yenye karakana kila baada ya muda mfupi. Kwenye changarawe, ugumu huo huo hupeleka kila kishindo moja kwa moja hadi kwenye rimu, na rimu za aluminiamu hupinda, nyingine hupasuka. Isitoshe, tairi la ranflati lililokwisha kukimbia bila upepo, fundi mwaminifu hakubali kuliziba, maana ubavu wake unaweza kuwa umeumia ndani pasipoonekana. Bei yake nayo iko juu, na saizi unayoitaka huenda usiikute Migori wala Homa Bay siku unayoihitaji. Mtu akiamua kuyatoa, simlaumu hata kidogo.

Shida inaanzia pale anapodhani amebadilisha matairi tu. Gari lililotoka kiwandani na ranflati mara nyingi halikupewa spea. Fungua buti, inua zulia: katika BMW nyingi utakuta betri na nafasi ndogo ya vifaa. Hakuna jeki, hakuna spana ya magurudumu, wala hakuna shimo la kulaza gurudumu la tano. Waliolitengeneza waliihesabu spea ndani ya ule ubavu mgumu. Siku fundi anapoutoa, ametoa na spea, na hakuna mstari wa risiti unaosema hivyo. Hata mimi na wewe tunaosoma mambo haya tungeweza kuliondoa gari gereji tukiwa tumefurahi, kwa sababu safari ya kwanza kwa kweli huwa tamu. Matuta yanapita kimya, mama aliyeketi nyuma anasifu gari. Ni nani atakayefungua buti saa hiyo?

Kuna kisa cha kweli kinachonifanya niandike haya kwa wasiwasi. Hakikutokea Sori wala Gwassi, na matairi yenyewe hayakuwa ranflati. Nakisimulia kwa sababu kimeandikwa na kuchunguzwa hatua kwa hatua, na kinaonyesha jinsi ulaini wa safari unavyoweza kulipiwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja.

Mwaka 1990 kampuni ya Ford ilianza kuuza Marekani gari la familia lililoinuka, Ford Explorer. Mwaka mmoja kabla, majaribio yalionyesha kwamba kwenye kona kali magurudumu yake yalikuwa yakinyanyuka kutoka ardhini. Wahandisi walikuwa na njia kadhaa mbele yao, ikiwemo kulipanua gari na kulishusha, lakini mabadiliko makubwa ya umbo yangechelewesha mauzo. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa, upepo wa matairi ulipangwa kuwa psi 26, chini ya 30 ambazo kampuni ya matairi ya Firestone ilikuja kuzipendekeza baadaye. Ford ilisema kwamba kiwango hicho kinaleta safari laini na uendeshaji mzuri. Laini ilikuwa kweli. Wamarekani walilinunua kwa mamia ya maelfu kila mwaka, wakabeba watoto na mizigo, wakalikimbiza kwenye barabara za Texas, Florida na Arizona katikati ya kiangazi.

Tairi lenye upepo mdogo hupinda ubavuni kila linapozunguka. Kupinda huko huzaa joto, na joto likizidi hulegeza mshikano wa mpira na waya za chuma zilizolazwa chini ya meno. Ongeza mwendo, ongeza abiria, ongeza jua la mchana. Siku moja meno yote hubanduka kama ganda, gari linayumba, dereva anakanyaga breki kwa hofu, na gari refu la namna ile linabiringika. Matairi yenyewe yalikuwa ya Firestone, aina ya ATX na Wilderness AT, na mengi yaliyoshindwa yalitoka kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois. Wachunguzi wa serikali walihitimisha mwezi Oktoba 2001 kwamba muundo wa matairi hayo ulikuwa na kasoro, kwa hiyo si haki kusema upepo mdogo peke yake ndio ulioua. Ila tairi dhaifu lilihitaji kila nafuu ambayo lingeweza kupata, na nafuu moja ilikuwa imekwisha kuondolewa kwa ajili ya gari kukaa vizuri barabarani na abiria kukaa vizuri ndani.

Linaloniuma zaidi ni ishara. Mwaka 1998 mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm, Sam Boyden, aliona madai yanayofanana yakirudi mezani kwake. Akaiandikia idara ya usalama barabarani, NHTSA, akieleza kesi 21 za matairi hayo. Alishukuriwa, na uchunguzi haukufunguliwa. Mawakili kadhaa waliokuwa na kesi kama hizo nao walijua, wakanyamaza wasije wakaharibu madai ya wateja wao. Mwaka 1999 Ford ilianza kuwabadilishia matairi wateja wa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba. Baadaye ikafanya hivyo Venezuela pia. Familia za Marekani zilizokuwa zikiendesha gari lile lile hazikuambiwa kitu.

Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kilitangaza habari za ajali hizo, na simu za watazamaji zikamiminika. NHTSA ilifungua uchunguzi mwezi Mei. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, na mwaka uliofuata Ford ikaamua kubadilisha mengine milioni 13. Kwa hesabu ya NHTSA, waliokufa Marekani pekee walifika 271. Kampuni mbili zilizokuwa zikifanya biashara pamoja tangu enzi za Henry Ford na Harvey Firestone zikaishia kutupiana lawama hadharani, kisha zikaachana.

Tazama ni watu wangapi walishika kipande kimoja kimoja cha ukweli. Mhandisi aliona gurudumu likinyanyuka. Mtu wa bima aliona faili zikijaa. Muuzaji wa Riyadh aliona matairi yakibadilishwa. Hakuna aliyeviunganisha kwa wakati, na kwa kuwa gari lilikuwa tamu kuendesha, wenye magari hawakuwa na sababu ya kuuliza.

Kutokana na vifo hivyo bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Novemba 2000, na miongoni mwa yaliyoagizwa ni kila gari dogo jipya liwe na kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Ile taa ya rangi ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati, ilienea duniani kwa msukumo wa sheria hiyo. Kwa gari la ranflati taa hiyo ina kazi ya pekee: ubavu mgumu humfanya dereva asihisi kwamba upepo umeisha, hivyo taa ndiyo inayomwambia.

Basi angalia kinachotendeka baada ya kubadilisha. Matairi mapya yamefungwa, taa inawaka. Mara nyingi sababu ni ndogo: mfumo unahitaji kuwekwa upya baada ya kujaza upepo, au vihisi vilivyo ndani ya rimu vimevunjwa wakati wa kung'oa tairi la zamani. Lakini mwenye gari anaambiwa, "Hiyo ni ya ranflati tu, isikusumbue." Inazimwa na fundi wa umeme, ama inabandikwa utepe mweusi. Si kweli kwamba ni ya ranflati tu. Tairi la kawaida linaihitaji vilevile, maana likipungua upepo taratibu safarini usiku, hutajua mpaka ubavu uwe umeshakatwakatwa na rimu. Ukiona taa hiyo inawaka baada ya kutoka gereji, rudi siku hiyo hiyo. Usikubali kuizoea.

Ishara nyingine ziko wazi kwa anayetaka kuziona. Mtu anabadilisha mawili ya mbele na kuacha ranflati mbili nyuma kwa sababu fedha hazikutosha, na gari linaanza kujivuta kwenye kona. Ubavu laini na ubavu mgumu haviitikii usukani kwa namna moja. Mwingine ananunua tairi la saizi sawa lakini namba yake ya uzito iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kisha anapakia watu watano na magunia mawili ya omena kutoka ufukweni. Mwingine, akishaonja ulaini, anataka zaidi, anaagiza upepo upunguzwe kidogo. Hapo ndipo kisa cha Explorer kinapogonga mlango wetu. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko, asubuhi tairi likiwa baridi, na kama unabeba mzigo fuata kipimo cha mzigo.

Ukitaka kujua matairi yako ni ya aina gani, chuchumaa usome ubavuni. BMW huweka alama ya RSC. Bridgestone huandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR, Goodyear ROF. Karibu na neno DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililotengenezwa miaka kumi iliyopita linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kukauka. Pitisha kiganja ubavuni pia, ndani na nje. Ukikuta uvimbe, hata kama ni mdogo kama ncha ya kidole, nyuzi za ndani zimekatika na tairi hilo limemaliza kazi.

Kwa safari za kwetu, chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo havitoshi. Vinasaidia msumari uliopita kwenye meno. Jiwe kali la njia ya changarawe linapochana ubavu, dawa yote inamwagika chini. Unahitaji gurudumu zima la tano, jeki inayoweza kuliinua gari lako, kipande cha ubao mpana cha kuwekea jeki hiyo kwenye udongo mweusi uliolowa, tochi, na pembetatu za kuonya wanaokuja. Gurudumu litakula nafasi ya mizigo. Lifunge kwa mkanda imara lisije likaruka breki zikikamatwa ghafla, na uwaeleze abiria kwa nini liko pale. Spea nyembamba ya muda nayo inafaa, mradi ukumbuke kwamba mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa tu, na kwenye mashimo uende polepole zaidi.

Tafadhali, lijaribu gurudumu hilo mchana, nyumbani, kabla ya safari. Magari mengi ya Kijerumani hufungwa kwa boliti badala ya nati, na boliti ndefu za rimu ya aluminiamu huenda zisifae spea ya chuma. Zikipita kiasi zinaweza kugusa sehemu za breki. Hesabu matundu, hakikisha rimu inakaa kitako, zungusha gurudumu kwa mkono usikie kama linakwaruza. Kisha tazama boliti moja katika kila gurudumu: ikiwa kichwa chake hakifanani na nyingine, hiyo ni ya kuzuia wezi, na haifunguki bila kichwa chake maalumu cha chuma, kidogo kiasi cha kutosha kiganjani. Gari la mtumba linaweza kupitia mikono mingi, na kichwa hicho kikapotea kwenye mojawapo. Kitafute kwenye buti, chini ya kiti, ndani ya mfuko wa vifaa. Kama hakipo, mwombe fundi azing'oe boliti hizo zote nne na kuweka za kawaida kabla gari halijatoka mjini.